Bulu na manjano ya mujomba imegeuka kijani! Nimekosea wapi? (kinywaji ya barafu ya rangi mbili)

#1 Tantine_Kampemba (Lubumbashi), Jumapili usiku

Jambo yenu wote. Muniokoe, juu niko na siku kumi na tatu tu.

Mujomba wangu anatimiza miaka 60. Ametumika reli maisha yake yote, na mutu wa reli hapa Lushi timu yake munaijua, Lupopo ya bulu na manjano mpaka kaburini. Ba dada wakanipa kazi ya vinywaji, nikasema apana, siyo kila fete (sherehe) ni sukre (soda) na bia ya Simba tu, tufanye ile kinywaji ya barafu yenye kupangwa rangi juu ya rangi ndani ya vere (glasi), bulu chini, manjano juu, unaanza na kijiko unamaliza na mrija. Na joto ya mwezi wa kumi ya huku, mabati yenyewe inalia.

Leo nikajaribu. Manjano: ananasi moja na manga mbili, zile za kwanza kwanza, nikasaga na barafu. Bulu: maji, sukari, ndimu, na rangi ya chakula ya unga kwa ncha ya kisu. Nikaweka kwa konjelateri (friza) tangu asubuhi, nikatoa nikasaga. Nikamimina bulu, nikamimina manjano juu. Dakika mbili ilikuwa mzuri, nikapiga mpaka foto. Nikaenda salon (sebuleni) kuita mujomba aone. Kurudi naye: kijani. Vere yote. Kijani ya V.Club kabisa, ile timu ya Vita ya Kinshasa!

Mujomba akaangalia vere, akaniangalia mie, akauliza, "Mwanangu, ni nani amekutuma kutoka Kinshasa?"

Hakunywa. Nimekosea wapi?

#2 Kunguru_Mweusi (Kamalondo)

Tantine kosa si yako, Lupopo haijawahi kukaa mbele dakika mbili bila kugeuka kitu kingine 😂 fanya nyeusi na nyeupe ya Mazembe, wapinzani wenu, hiyo haichanganyikake

#3 Fundi_Frigo (Katuba)

Tantine jambo. Hapa shida ni baridi, akuna kingine. Unasema uliweka tangu asubuhi, sawa, lakini kura (umeme) ilikuwepo? Kwetu inakuja usiku mukati inaenda saa kumi na mbili. Konjelateri ya nyumbani ikiwa mzima inafika -18, lakini ukiijaza vyombo vya maji ya vuguvugu kisha unafungua kila nusu saa kuangalia kama imeganda (munafanyaka wote, musinidanganye) ile haifiki hata -8. Unaona barafu juu, unagonga na kijiko inalia ko-ko, kumbe katikati ni maji ya rangi. Kisha unaitupa kwa mikseri, kisu inazunguka inaongeza joto, kisha unamimina kwa vere yenye ilikuwa juu ya meza. Itabakia nini?

Weka vere zenyewe ndani ya konjelateri saa moja mbele. Na bakuli ya mikseri pia. Mtanishukuru.

#4 Mama_Saseti (Ruashi)

Fundi anajua frigo, hajui jus.

Mi nauzisha jus ya kugandisha kwa saseti (vifuko vya plastiki), sasa mwaka wa kumi na moja, batoto ba masomo banipitia saa sita. Kura inakatika, inarudi, mi nauzisha tu. Tantine shida yako ni sukari na ni vile ulipanga. Chenye utamu mwingi ni nzito, kinashuka. Manga ni nzito, ananasi ni nzito, wewe umeweka juu ya maji ya bulu. Ni kama kukalisha mama mukubwa juu ya kiti ya mtoto. Geuza, manjano chini bulu juu.

Na kitu ingine. Angalia mtoto akinyonya saseti. Anatoboa kona na meno, ya kwanza yenye inatoka ni tamu tamu na rangi yote, mulomo unakuwa mwekundu. Anavuta, anavuta, mwisho kunabakia kipande cha barafu nyeupe, haina utamu haina rangi, anakitupa mbele ya mulango wangu. Sasa uelewe: rangi haikaake ndani ya barafu. Inakaa pembeni inangojea kukimbia.

#5 Mwl_Kemia (Bukavu)

Mama Saseti hapo #4 amefundisha somo ambalo mimi nalifundisha kwa wiki mbili na wanafunzi bado wanalala.

Ndivyo ilivyo. Maji yenye sukari yakiganda, yanayoganda kwanza ni maji matupu. Sukari na rangi zinasukumwa nje ya vipande vya barafu, zinabaki kwenye ule uji kati ya kipande na kipande. Kwa hiyo barafu ya kusaga ni chembe nyeupe zinazoogelea ndani ya siro ya rangi. Ukiweka tabaka mbili, chembe zinakaa mahali pake lakini siro inachuja kwenda chini, kama maji kwenye mchanga. Siro yako ya manjano ilishuka ikapita katikati ya bulu. Kijani.

Kuhusu sukari, kwa barafu laini ya namna hii lenga gramu 130 hadi 150 kwa lita, ukihesabu na ile ya tunda. Chini ya hapo unapata jiwe, juu sana unapata supu. Watu wanadhani sukari inazuia maji kuganda, siyo hivyo, kiasi hicho kinashusha mwanzo wa kuganda kwa digrii moja tu hivi. Inachofanya ni kuchelewesha mwisho, sehemu fulani inabaki majimaji hata kwenye baridi kali.

Sikubaliani na Fundi kwamba baridi peke yake inatosha. Hata kwa -18 ile siro ipo.

#6 Himbi_Boy (Goma)

Musichanganye mama wa watu na hesabu. Kitu ya baridi inashuka kitu ya moto inapanda, kila mutu anajua iyo. Bulu yake ilikuwa na joto kuliko manjano basi ikapanda wakakutana katikati. Siye huku tunaishi pembeni ya Ziwa Kivu, maji ya juu unaoga bila shida, ukipiga mbizi chini ni baridi. Mwisho wa habari

#7 Mwl_Kemia

@Himbi_Boy, rafiki, umechagua ziwa baya kuliko yote kwa mfano wako. Ukizama mita chache kweli unasikia baridi. Lakini ukienda chini kabisa kwenye Kivu, joto linaongezeka tena, maji ya kilindini yana joto kuliko ya katikati. Na bado hayapandi. Kwa nini? Yana chumvi nyingi na gesi ya kaboni iliyoyeyuka, ni mazito, yanabaki chini kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana metani imejikusanya kule na Wanyarwanda wanaivuta upande wa Karongi kutengeneza umeme tangu 2016 hivi.

Kwa hiyo Ziwa Kivu lenyewe ni kinywaji cha tabaka, na linamuunga mkono Mama Saseti: uzito wa kilichoyeyushwa unashinda joto.

#8 Mama_Saseti

Aksanti mwalimu. Hata ziwa iko upande wangu.

#9 Vita_wa_Lushi

Mimi naona mnatafuta dawa ya ugonjwa hauko. Kijani ni rangi nzuri. Mujomba alikuwa anywe tu

#10 Tantine_Kampemba

Nimesoma yote. @Fundi kura ilikatika saa nne ikarudi saa nane, sikukuambia juu niliona haya. @Mama Saseti sukari niliweka glasi moja kwa lita mbili kwa bulu, na kwa manjano sikuweka hata kidogo juu manga ni tamu yenyewe.

@Vita usirudi hapa.

#11 Dada_Nguba (Bukavu)

Salama wote. Mimi nitasema mbali kidogo. Hamujauliza rangi yenyewe ni ya nini! Ile ya unga inayeyuka ndani ya maji sekunde moja, kwa hiyo itakimbia kila mahali maji yanakimbia, unaweka baridi unaweka sukari itakimbia tu. Mimi nikifanyaga za fete natumia kitu chenye nyama nyama: marakuja (pasheni) na mbegu zake, fresi (stroberi) za kusaga, avoka. Kitu kizito hakichuji haraka.

Bulu njo shida, tunda ya bulu hatuna. Nilijaribu ile ya shu nyekundu (kabichi): unachemsha majani unapata maji ya zambarau, unatia bikarbonati kidogo sana inageuka bulu mbele ya macho yako, watoto wanapiga kelele. Nikaganda, nikasaga, nikaweka juu yake ananasi. Mstari wa katikati ukageuka pinki! Juu ananasi iko na asidi, na ile rangi ikiguswa na asidi inarudi nyekundu. Sherehe ilikuwa ya mvulana wa komunyo, babake akauliza kama ni ya binti.

Na harufu ya shu haifichiki, nisiwadanganye.

#12 Ndugu_Liège

Jambo kutoka Ubelgiji, aksanti kwa uzi. Kwa nini mnateseka hivi wakati mashine iko? Kuna Mmarekani wa Dallas, Mariano Martinez, alikuwa na mgahawa, wahudumu wake wa baa walichoka kusaga barafu na mikseri usiku kucha, kila kinywaji inatoka tofauti. Mwaka 1961 akachukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza isukume kinywaji ya barafu. Inazunguka polepole ndani ya baridi, haiachi kitu kigande kuwa jiwe wala kichuje. Kisha watu wakaanza kupanga rangi mbili ndani ya glasi moja, iko moja inaitwa Miami Vice, fresi na nazi. Kodisha mashine tantine.

#13 Dada_Nguba

1971 yaya, siyo 1961. Na mashine yenyewe iko kwa jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington.

#14 Fundi_Frigo

Kodisha mashine na kura gani? Utakodisha na grupu (jenereta), na mafuta ya grupu, na mutu wa kulinda grupu. Na rangi mbili ni mashine mbili. Ndugu wa Ubelgiji amesahau nyumbani.

#15 Ndugu_Liège

Sijasahau, juzi tu nimetuma pesa ya grupu 😅 Haya basi, ile barafu ya kijiti nayo ilibuniwa na mtoto wa miaka 11 kule California, mwaka 1905, alisahau kikombe cha maji ya unga wa soda nje usiku wa baridi na kijiti ndani. Hakuwa na mashine wala kura. Nimejisahihisha.

#16 Kunguru_Mweusi

Hakuna mtu amejibu neno langu la nyeusi. Niko serieux. Mdogo wangu anaoa mwezi wa kumi na mbili, nyumba yote ni Mazembe, nyeupe ni rahisi nazi au maziwa, nyeusi naweka nini? Nimeona kwa simu watu wanaweka makala

#17 Mama_Saseti

Makala ya kupikia bukari (ugali)??

#18 Infirmiere_Kadutu (Bukavu)

Apana, siyo ya kupikia, wanatumia ule unga wa makala wa dawa, wenye tunatumiaga hospitali mtu akimeza sumu. Na njo shida yake: unashika sumu, unashika na dawa. Mgeni amekunywa kidonge chake cha presha, anapiga glasi mbili za nyeusi, kidonge kinaenda na makala. Kwa harusi yenye wazee mimi siwezi. Tumia marakuja na kakao, au zabibu nyeusi, itakuwa kahawia nzito, usiku nani ataona.

Na niko hapa niseme kitu kingine hamujasema hata mmoja. Maji. Barafu haiui kolera. Mdudu analala ndani ya barafu anaamka ndani ya tumbo. Chemsha maji yatokote kweli, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, njo uweke rangi zenu. Na mikono, na ile barafu ya kununua ya kupoza chupa, usiisage ukainywa.

#19 Kunguru_Mweusi

Aksanti infirmiere. Kahawia nzito ya Mazembe, tutafika tu, tulifika fainali ya dunia 2010

#20 Cheminot_Mzee

Na mulifungwa 3-0 na Inter, umalizie sentensi.

#21 Himbi_Boy

Narudi, mwalimu alinipiga lakini sijafa. Tantine weka barafu kavu! Ile inatoa moshi mweupe inashuka chini ya meza, fete inakuwa kama mbinguni, na inashikilia baridi, rangi hazitatembea

#22 Mwl_Kemia

Wewe wa Goma ndiye unasema hivyo? Barafu kavu ni gesi ya kaboni iliyogandishwa, digrii -78.5. Ule moshi unaoona ni ukungu wa maji, lakini gesi yenyewe haionekani, ni nzito kuliko hewa, inajaa chini kwanza. Kwenu mnaiita mazuku. Ile ile inayoua mbuzi kwenye mashimo ya njia ya Sake na watoto waliolala chini kwenye vyumba vya bondeni. Sasa ilete kwenye salon iliyofungwa, watoto wamelala kwenye mkeka.

Na mtu akimeza kipande kinamchoma tumbo.

#23 Himbi_Boy

Mazuku ya kununua na pesa. Sawa mwalimu, nimekaa chini. Apana, nimesimama.

#24 Tonton_Bagira (Bukavu)

Watoto salama. Tangu juu mpaka hapa sijaona kitu cha wakubwa. Tabaka moja ya kasigisi (pombe ya ndizi) au kanyanga (pombe kali) inaenda wapi? Mzee wa miaka 60 utamlisha barafu ya watoto?

#25 Fundi_Frigo

Tonton kanyanga haigande. Na bia usijaribu, mi niliweka chupa mbili za Simba kwa konjelateri "dakika kumi", simu ya kazi ikaita, nikarudi saa tatu mbele. Chupa moja ilipasuka shingo, ingine ilipasuka chini, povu imeganda juu ya samaki ya bibi yangu. Maji yakiganda yanavimba. Nililala njaa.

#26 Mwl_Kemia

Pombe ya asilimia 40 inaganda karibu na -27, konjelateri ya nyumbani haifiki. Tena ukiichanganya kwenye tabaka moja inaifanya iyeyuke haraka, na pombe ni nyepesi, itapenda kupanda juu. Kama ni lazima, Tonton, mimina kijiko kimoja juu kabisa, mwisho, mgeni akiwa ameshika vere mkononi. Kasigisi mpe pembeni kwa kikombe chake.

#27 Tonton_Bagira

Pembeni ni vizuri. Pembeni hakuna kijiko.

#28 Dada_Nguba

Turudi kwa tantine jamani. Mimi napendekeza ukuta. Usilaze rangi mbili uso kwa uso, weka kitu cheupe katikati. Huku ningesema mashanza (maziwa ya mgando), unachapa na sukari, unaganda nusu, inakuwa nzito kama uji, siro haipiti haraka. Au jelatini kidogo ndani ya ile ya manjano, inashika.

#29 Mama_Saseti

Jelatini na ananasi? Jaribu uone. Mi nilimwaga sufuria mzima.

#30 Mwl_Kemia

Ananasi mbichi inayo kitu kinachokula jelatini, papai pia. Haitashika kamwe. Uchemshe ananasi kwanza dakika kadhaa, kinakufa, ndipo uweke. Ya kopo imeshapikwa, haina shida.

Ukuta wa maziwa naukubali, ila si kwa sababu ya uzito tu, mafuta na protini za maziwa zinashika maji.

#31 Mama_Saseti

Hapa Lushi mashanza ni taabu. Munkoyo, ule kinywaji wa mahindi! Ule ulioiva siku moja, unga wa mahindi unaushikilia. Mi nimeshaugandisha, unakuwa laini kama poda. Rangi si nyeupe ya kanisa lakini itakaa.

#32 Cheminot_Mzee

Nyeupe katikati ya bulu na manjano haiko rangi ya Lupopo. Musiguse jezi.

#33 Fundi_Frigo, Alhamisi

Tantine bado nasema baridi, lakini nitakupa njia ya bila kura. Nunua barafu ya vipande kilo tatu, chumvi ya mawe kilo moja, beseni kubwa. Changanya. Barafu inayeyuka lakini inakuwa baridi kuliko barafu, inaweza kushuka mpaka -20 kama haukucheza na vipimo. Chomeka ndani sufuria ya aluminiamu na jus yako, zungusha, zungusha, kila dakika tano kwangua pembeni na kijiko ya mbao. Dakika arobaini uko na barafu laini, haikuguswa na mikseri, haina maji mengi ndani. Funika beseni na gunia. Usiache chumvi iingie ndani ya sufuria.

#34 Tantine_Kampemba, Jumamosi

Jaribio ya pili, niwape habari.

Nilifanya beseni ya fundi, juu kura ilikataa tangu asubuhi. Mikono iliwaka na ile baridi ya chumvi mpaka nikavaa soksi za mume wangu. Lakini fundi umesema kweli, ilitoka nzuri, nzito, inasimama kwa kijiko.

Nikageuza vile Mama Saseti alisema: manjano chini (manga tatu, ananasi nimechemsha, nikaongeza vijiko sita vya sukari), bulu juu (sukari kidogo, ndimu). Vere kutoka kwa beseni. Nikamimina bulu polepole juu ya mgongo wa kijiko.

Dakika mbili: mzuri. Dakika kumi: mzuri. Dakika kumi na tano pakatokea mstari wa kijani katikati, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nusu saa, upana wa kidole. Sasa nani alikuwa na haki?

#35 Fundi_Frigo

Mimi. Baridi.

#36 Mama_Saseti

Ulibadilisha chini juu, ulibadilisha sukari. Mimi.

#37 Dada_Nguba

Mstari wa kijani ni rangi ya unga inatembea. Mimi, samahani.

#38 Mwl_Kemia

Umebadilisha vitu vinne kwa mara moja, Tantine, hakuna wa kupewa pointi. Ungeweka vere nne, kila moja na badiliko moja.

#39 Tantine_Kampemba

Mwalimu manga moja ni bei gani huko Bukavu? Vere nne!

#40 Kunguru_Mweusi

Mimi ninaona kijiko. Mgongo wa kijiko ndio umefanya yote

#41 Cheminot_Mzee

Bulu iko juu sasa, ni mzuri. Mujomba atafurahi. Usipange zote mapema, mimina vere sita sita wageni wakikaa.

#42 Infirmiere_Kadutu

Maji ulichemsha?

#43 Tantine_Kampemba

Nilichemsha infirmiere. Yalitokota mpaka mfuniko ukacheza.

#44 Tantine_Kampemba, Jumapili ya wiki iliyofuata

Fete imepita. Niwaambie.

Kura ilikuwepo!! Siku nzima! Beseni tulibakisha kwa backup, batoto bakachezea mawe ya barafu, basi. Tulimimina sita sita vile Cheminot alisema. Mtoto wa dada yangu alikuwa anakimbia na sahani kutoka jikoni, mimi niko namimina kwa mgongo wa kijiko, jasho inatiririka, manjano chini, bulu juu, mstari safi kama umepigwa na rula. Vere ishirini na nne, tatu tu njo ziligeuka, hizo tulipelekea upande wa Vita (alikuja! shemeji wangu kumbe!).

Ya mujomba nilibeba mwenyewe. Watu wakapiga makofi, ba reli wakasimama wakaimba. Mujomba akaishika mbele ya mwanga, akazungusha, akaangalia chini, akaangalia juu. Macho ikajaa maji. Nikasema leo njo leo.

Kisha akachukua mrija, akaingiza mpaka chini, akakoroga kama chai. Mara tatu.

Nikapiga kelele. Akaniambia, "Mwanangu, sukari yote iko chini."

Akainywa kijani mpaka mwisho, akaomba ingine.

#45 Vita_wa_Lushi

Nilikuwepo. Nathibitisha 💚

#46 Mama_Saseti

Umesikia lakini. Sukari iko chini.

#47 Fundi_Frigo

Kura ilikuwepo siku nzima, nani amesoma hiyo?